Ng'ambo ya Unguja: mji uliojijenga wenyewe na mipango iliyokuja kuubomoa

Ng'ambo haijawahi kukosa wajenzi. Tangu karne ya 19 watu wa upande wa mashariki wa mji wa Unguja wamejijengea nyumba kwa boriti za mkoko, mawe, udongo na chokaa, kisha wakazibadilisha ukuta baada ya ukuta kadiri riziki ilivyowaruhusu. Walichokikosa ni vitu ambavyo mtu hawezi kujitengenezea peke yake hata awe hodari vipi: uhakika wa ardhi iliyo chini ya nyumba yake, maji safi, na njia ya kuyatoa maji machafu mtaani.

Nimeichukua Ng'ambo kuwa kisa cha kuchambua kwa sababu karibu kila aina ya mpango wa makaazi imejaribiwa pale: wa kikoloni, wa kimapinduzi, wa wafadhili, na ule wa wananchi wenyewe usioandikwa popote. Naiweka hoja yangu mbele ili msomaji aipime njiani. Mipango iliyoanza kwa kubomoa iliwapa nafuu wachache na kuwaacha wengi wakingojea. Hatua zilizompa mtu uhakika kwamba hataondoshwa zilizaa nyumba bora, na mara nyingi serikali haikutia hata tofali moja.

Mji mmoja, pande mbili

Mji Mkongwe ulikaa juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Mashariki yake palipita mkono wa bahari uliofurika maji yakijaa na kubaki tope yakitoka, na daraja lililouvuka ndilo lililoacha jina la Darajani. Ndani ya rasi waliishi masultani na jamaa zao, mabalozi, matajiri wa Kiarabu na wafanyabiashara wa Kihindi, katika nyumba za mawe za ghorofa mbili tatu. Ng'ambo ya maji walikaa waliobaki: watumwa na walioachiwa huru, Wangazija, Wamanyema, wavuvi, wachukuzi, mafundi, Waarabu na Wahindi wasiokuwa na kitu, na watu waliotoka mashamba kutafuta kazi mjini. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa, wengi zaidi wakahamia. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuja mjini kutafuta maisha, aliishi Ng'ambo, na sauti yake iliyorikodiwa Bombay mwaka 1928 ililelewa katika mitaa hiyo.

Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Leo juu yake inapita Barabara ya Benjamin Mkapa, na anayetoka soko la Darajani kwenda Mchangani au Vikokotoni huivuka kwa hatua chache asikumbuke kwamba anavuka bahari ya zamani.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu 1985 ulikuwa tayari na mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji, na mwaka 1994 ukapata mpango kamili wa hifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Ng'ambo ikabaki nje ya mpaka wa urithi. Nyumba ya mlango wa nakshi ikawa na sheria ya kuilinda na wataalamu wa kuikagua. Nyumba ya udongo iliyo ng'ambo ya barabara, pengine ya umri ule ule, ikahesabiwa kuwa uchakavu unaongoja kuondolewa. Sikubaliani na mgawanyo huo. Huu ni mji mmoja wa kihistoria, na upande mmoja usingelishwa, usingejengewa wala kuimbiwa bila ya upande wa pili.

Wala umaskini haukukaa upande mmoja tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizoachwa au kutaifishwa zilijaa familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba, chumba kwa chumba. Kuta za mawe na chokaa zisizofanyiwa matengenezo kila mwaka zikaanza kunywa maji. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Disemba 2020 na kuua watu wawili, dunia ilishtuka kwa sababu lile ni jumba la Sultani Barghash. Nyumba za watu wa kawaida zilikuwa zimeanza kuanguka miaka mingi kabla yake.

Nyumba yenyewe inavyosimama

Anayetaka kuzitengeneza nyumba za Ng'ambo lazima kwanza aelewe zimejengwaje, na hapa ndipo wapangaji wengi wa miji walipopita haraka.

Fundi wa zamani alichimbia nguzo za mkoko, akafunga fito nje na ndani kwa kamba za makumbi, akajaza mawe madogo na udongo katikati, kisha akaukandika ukuta na kuupiga chokaa. Chini palikuwa na msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, na juu paa la makuti lililoshuka chini kiasi cha mtu mrefu kuinama. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba kulia na kushoto, na uani penyewe jiko, choo, na pengine kisima.

Kila sehemu ina kazi yake. Msingi ulioinuka unazuia unyevu usipande ukutani. Upenu mrefu unazuia mvua ya masika isiupige ukuta, na makuti yanakaa baridi mchana. Ukumbi unaopita unavuta upepo kutoka mbele kwenda nyuma. Uani ni mahali pa wanawake kupika, kufua na kukaa bila kuonekana na mpita njia, na barazani wanaume wanazungumza, mgeni anapokelewa bila kuingia ndani, mwuza kashata anaweka sinia lake. Ukuta wa udongo wenye kofia nzuri na viatu vizuri huishi miaka mingi sana.

Nyumba hiyo ilikuwa pia mtaji. Vyumba viwili vilimtosha mwenye nyumba na vinne vikapangishwa. Wanawake wengi wa Ng'ambo, wajane na waliotalikiwa wakiwamo, walikuwa wenye nyumba kwa haki yao wenyewe na waliishi kwa kodi za vyumba. Mpango wowote unaoivunja nyumba ya vyumba sita na kumpa mwenyewe fleti ya vyumba viwili umemwondolea pato, hata kama fleti hiyo ina choo cha ndani na taa ya umeme. Jambo hili halionekani kwenye ramani, na nimeona likisahaulika hata katika mijadala ya leo.

Nyumba yangu, ardhi ya mwingine

Mwenye nyumba wa Ng'ambo, mara nyingi, hakuwa mwenye ardhi. Ardhi ilikuwa ya matajiri wa upande wa pili wa maji, nyingine ya wakfu. Zamani wengi waliruhusiwa kujenga kwa ujamaa na ubwana: aliyekuwa mtumwa au mfuasi alikaa kwenye ardhi ya bwana wake, akampa heshima na pengine kazi, fedha haikupita mkononi. Mji ulipokua na ardhi kuanza kuuzwa kwa watu waliotaka faida, heshima ikageuka kodi, na kodi ikapanda.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Mgomo huo hauzungumzwi sana kama tunavyozungumza matukio mengine ya siasa za Zanzibar, na kwangu ni moja ya matukio makubwa ya historia ya makaazi katika pwani yetu. Hoja ya wagomaji ilikuwa wazi: nyumba tumejenga sisi, mtaa tumeufanya sisi, ardhi hii bila yetu ni magugu. Serikali ya kikoloni ililazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo.

Tuangalie athari yake kwa nyumba zenyewe. Mtu anayeweza kufukuzwa kwa kuchelewa kulipa hajengi kwa mawe. Anajenga kwa kitu anachoweza kukiacha au kukihamisha, na hapohapo wakubwa wanamwita mkaazi wa kibanda. Udhaifu wa ukuta ulitokana kwa sehemu kubwa na udhaifu wa haki juu ya ardhi.

Wakoloni na michoro yao

Hapa nitapita upesi. Mwaka 1923 mtaalamu wa Kiingereza H. V. Lanchester alitoa mpango wa mji. Mwaka 1958 ukaja mwingine, wa Henry Kendall. Katikati yao, miaka ya 1940, Katibu Mkuu wa serikali, Eric Dutton, alisukuma ujenzi mpya wa Ng'ambo, na jengo la jamii la Raha Leo likasimama. Raha Leo limedumu, na lilipata historia ambayo waliolijenga hawakuitazamia: redio iliyotangaza Mapinduzi Januari 1964 ilisikika kutoka pale. Nyumba za mfano zilizokwenda na mradi huo zilikuwa chache, na bei zake ziliwashinda wale wale waliotajwa kuwa sababu ya kuzijenga. Wakati wa ukoloni eneo la Mnazi Mmoja liliachwa wazi kwa viwanja vya michezo, pengo kati ya mji wa mawe na mji wa udongo ambalo mipango ya Kiingereza ililipenda kwa sababu za afya na za rangi kwa pamoja.

Nyumba za Maendeleo

Machi 1964 Rais Abeid Amani Karume alitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya umma. Mashambani tangazo hilo linakumbukwa kwa eka tatu tatu walizogawiwa wakulima. Mjini lilifuta kodi ya ardhi iliyogomewa mwaka 1928. Kwa maoni yangu hilo peke yake liliziboresha nyumba za Ng'ambo kuliko mradi wowote wa karne nzima, ingawa hakuna aliyelikatia utepe. Mtu aliyelala na hofu ya mwenye ardhi aliamka akiwa na mwenye ardhi mmoja tu, serikali, na serikali hiyo ilikuwa imeapa kuwa ya wanyonge.

Ahadi ya pili ya Karume ilikuwa kubwa zaidi kwa macho: kila Mzanzibari aishi katika nyumba ya kisasa. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki mapema kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na wataalamu wa huko walikuja na saruji, mashine na michoro. Walianza na maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani. Mpango wa 1968 ukaenda mbali zaidi: sehemu kubwa ya Ng'ambo ya zamani iondolewe, mahali pake pasimame maghorofa yenye maelfu ya nyumba. Kitovu kikawa Michenzani, ambako barabara mbili pana zilikatwa zikapishana kama msalaba, na kando yake yakainuka yale majengo marefu ya kustaajabisha, kila moja limejinyoosha kama treni iliyosimama kituoni.

Wananchi walikwenda kuyajenga kwa kujitolea, wafanyakazi wa serikali, vijana na wanafunzi, wakibeba mchanga na zege. Wazee walioshiriki bado wanayataja kwa fahari, na fahari hiyo ni ya haki. Familia zilizovunjiwa nyumba zilipewa fleti. Waliotoka kwenye choo cha shimo walipata bomba na umeme ndani. Mwaka 1972 Karume akauawa, na ujenzi uliendelea chini ya Aboud Jumbe mpaka mwishoni mwa muongo huo. Majengo ya namna hiyo yalifika mpaka Makunduchi, Wete na Mkoani.

Nusu karne baadaye yamesimama na watu wanaishi ndani. Chini kuna maduka, vinyozi, washonaji, mama anayeuza urojo. Anayeyatukana kuwa ni zege baya la kijamaa hajawahi kumuuliza anayeishi humo kama angependa kurudi kwenye chumba cha kupanga.

Lakini kasoro zake ni nzito, na nyingi zilitokana na kutoielewa nyumba iliyovunjwa. Fleti haina uani, na kazi zote za uani zimebanwa kwenye kibaraza na jikoni. Hakuna lifti, na bibi wa ghorofa ya juu hushuka kwa shida. Maji hayakupanda kwa nguvu ya kutosha, kwa hiyo kwa miaka mingi ndoo na madumu yamepandishwa ngazi kwa ngazi. Mabomba ya maji machafu yakivuja ukutani hakuna anayejua ni wajibu wa nani, kwa sababu fleti imetolewa kwa mtu lakini paa, ngazi na mabomba hayakupewa mwenyewe. Na familia ikikua, nyumba haikui. Katika nyumba ya udongo mtoto akioa huongezwa chumba uani. Kwenye ghorofa ya tatu ataongeza nini?

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa nje ya majengo. Mpango ulitekelezwa kwa sehemu ndogo tu, lakini tishio la kubomolewa lilitanda juu ya Ng'ambo yote. Kati ya mikono ya ule msalaba, nyuma ya maghorofa, zilibaki nyumba za udongo na bati ambazo kwa mujibu wa ramani zilikuwa zimekwisha kuondoka. Nani ataweka msingi wa mawe katika nyumba inayongoja tingatinga? Mtu anaziba panapovuja na kusubiri fleti yake, na fleti haikuja. Naiona hiyo kuwa hasara isiyohesabiwa ya Michenzani: miaka ambayo maelfu ya wajenzi hodari waliweka chini mwiko wao.

Walivyojitengenezea

Tishio lilipofifia, mwiko ukarudi. Miaka ya katikati ya 1980 biashara ililegezwa Zanzibar chini ya Ali Hassan Mwinyi, na saruji na bati zikaanza kupatikana dukani. Fedha nazo zikaanza kuja kutoka Oman, Dubai na kwingineko Arabuni, ambako Wazanzibari wengi wana jamaa waliotawanyika baada ya 1964 au waliokwenda kutafuta kazi. Pakavunjwa ukuta mmoja wa udongo, pakasimamishwa wa matofali chini ya paa lile lile, familia ikiendelea kulala ndani. Mwaka uliofuata, ukuta mwingine. Ukitembea leo Mwembetanga, Miembeni au Jang'ombe utaona nyumba zenye uso wa matofali na mgongo wa udongo, na huo ni ujenzi katikati ya safari yake.

Kuna makosa ya kiufundi katika safari hiyo ambayo ushauri mdogo ungeyazuia. Bati lilipochukua nafasi ya makuti, upenu ulifupishwa ili kuokoa bati, na mvua ikaanza kuupiga ukuta uliokuwa umekaa mkavu kwa miaka. Joto nalo likaingia, kwa sababu bati lisilo na dari linaoka. Watu walipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo na chokaa wakiamini wanauimarisha, kumbe saruji inaufungia unyevu ndani, na lipu ikidondoka hutoka na ukuta wake. Kosa hilo hilo limeziumiza nyumba za Mji Mkongwe, na mafundi wa hifadhi wamelipigia kelele muda mrefu. Ujuzi wao ulikomea Darajani. Fundi chokaa anayefundishwa kutengeneza jumba la mfanyabiashara wa zamani angefaa vilevile kutengeneza nyumba ya mama anayepika vitumbua Kwa Alinatu, lau mtu angelipa nauli yake ya kuvuka barabara.

Kile ambacho wenye nyumba hawakuweza kabisa kukitengeneza ni maji na uchafu. Sultani Barghash alijenga mfereji wa mawe kuleta maji ya Chemchem mjini katika karne ya 19, na kwa miongo mingi Ng'ambo ilichota kwenye mabomba ya mtaani na visima. Ardhi ya mji ni ya mawe ya matumbawe yenye vitundu, na karo, shimo la maji machafu, linalochimbwa hatua chache kutoka kisimani huyapeleka maji yake kisimani bila kupoteza muda. Mtaa ulipokuwa na nafasi hilo lilivumilika. Uani zilipojengewa vyumba, karo, kisima na jiko vikagusana, na kipindupindu kikawa kinarudi mara kwa mara, kama Unguja ilivyokiona tena mwaka 2015 na 2016. Mvua kubwa nazo huyakusanya maji mabondeni, yakachanganyika na ya makaro na kuingia vyumbani.

Ndiyo maana nauthamini mradi wa huduma za mjini uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika muongo uliopita, hasa mitaro yake mikubwa ya maji ya mvua, kuliko wengi wanavyouthamini. Waandishi walipiga picha ukuta mpya wa bahari wa Mizingani. Mtaro hauna picha nzuri. Lakini mtu ambaye nyumba yake haifuriki tena ana sababu ya kununua mifuko kumi ya saruji mwaka huu badala ya kuanika magodoro.

Jambo hili limethibitika mbali na kwetu pia. Jakarta, tangu 1969, iliboresha mitaa yake ya kienyeji kwa kuweka njia za miguu, mitaro, maji na vyoo, ikaziacha nyumba kwa wenyewe, na nyumba zikafuata. Karibu zaidi, katika mtaa wa Hanna Nassif mjini Dar es Salaam miaka ya 1990 wakaazi walijenga mitaro na njia zao wenyewe kwa ujira, kupitia chama chao cha mtaa. Nitairudia Hanna Nassif, kwa sababu ina onyo ndani yake.

Ng'ambo Tuitakayo

Kuanzia 2013 Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar, pamoja na taasisi ya African Architecture Matters na Jiji la Amsterdam, ilianza kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Vijana walipita mtaa kwa mtaa wakiandika kila kitu: baraza zinazokaliwa, miti ya vivuli, misikiti, vilabu vya taarab na vya mpira, nyumba za zamani, njia ambazo watu hupita kweli. Walitumia mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji, unaosema kwamba urithi wa mji ni pamoja na maisha na kumbukumbu zilizomo, hata pasipo na jumba la kuonyesha watalii. Mwaka 2019 ukatoka atlasi wa Ng'ambo wenye ramani hizo.

Kwa mara ya kwanza serikali iliitazama Ng'ambo kama kitu chenye thamani kabla ya kuamua cha kuifanyia. Naliona hilo kuwa geuko la kweli. Hofu yangu iko kwenye nusu ya pili ya mpango, inayoitaka Ng'ambo iwe kitovu kipya cha mji chenye maofisi, maduka makubwa na majengo ya ghorofa. Michenzani Mall tayari imesimama. Vikokotoni na Mchangani nyumba za kuishi zinageuka maduka moja baada ya nyingine, na kilemba cha duka moja, yaani fedha ya kupewa nafasi, kinaweza kumshawishi mrithi yeyote. Ramani inayoonyesha uzuri wa mtaa humwonyesha mwekezaji pia.

Na warithi ni wengi. Nyumba ya babu iliyogawiwa kwa mirathi ina wenyewe kumi na watano, watatu wakiishi ndani, wanne wako Muscat, mmoja London, wengine Pemba. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inatoa haki ya matumizi ya ardhi kwa maandishi, lakini familia kama hiyo haijawahi kukaa kikao kimoja na kutia saini. Bila hati hawapati mkopo wa kujenga, na dalali anaweza kumnunua mrithi mmoja mmoja mpaka aliyebaki ndani ajikute mgeni nyumbani kwake.

Ningeanzia hapo. Kabla ya mchoro wowote wa ghorofa, Kamisheni ya Ardhi iketi mtaani, katika ofisi za masheha, wakuu wa shehia, pamoja na kadhi na Kamisheni ya Wakfu, na kuziandikisha nyumba hizi kwa majina ya familia nzima, kwa sharti kwamba hisa haiuzwi nje kabla ndugu hawajapewa nafasi ya kuinunua. Ni kazi ndogo ya kuchosha isiyo na jiwe la msingi la kuzindua, lakini ndiyo iliyokosekana tangu kodi ya ardhi ilipofutwa.

Baada yake yaje maji na uchafu, mtaa kwa mtaa: mabomba ya Mamlaka ya Maji mpaka uani, makaro yanayofikika na gari la kunyonya au yaliyounganishwa na mtandao, mitaro midogo inayoingia kwenye ile mikubwa. Halafu ruhusa ya ujenzi iliyo nyepesi. Leo anayetaka kupandisha ghorofa moja juu ya nyumba yake kwa njia halali hukutana na masharti yaliyoandikwa kwa kiwanja kikubwa cha nje ya mji, kwa hiyo anajenga usiku. Masharti ya Ng'ambo yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja: jenga juu ya alama ya nyumba ya zamani, ghorofa moja au mbili, acha baraza mbele, acha uani pavute upepo, rudisha upenu. Mwenye kutimiza hayo apate kibali kwa sheha na ushauri wa fundi bure.

Kuhusu maghorofa ya Michenzani, Zanzibar ina sheria ya mwaka 2010 ya umiliki wa majengo ya pamoja. Itumike. Kila jengo liwe na chama cha wakaazi chenye hati ya paa, ngazi, pampu na mabomba, na kodi za maduka ya chini ziingie kwenye mfuko wa jengo hilo hilo. Watu wanaoyatunza mabaraza yao kila siku hawashindwi kuzitunza ngazi wakijua ni zao.

Na panapolazimika kubomolewa, kwa barabara au mtaro, nyumba mpya isimame kwanza, katika shehia ile ile, na idadi ya vyumba ilingane na iliyovunjwa ili mwenye kuishi kwa kodi asipoteze pato lake.

Hapo ndipo ninaporudi Hanna Nassif. Mitaro ilipokamilika na njia kupitika, kodi za vyumba zilipanda, na baadhi ya wapangaji wakahama kwenda kwenye mabonde mengine yasiyo na mitaro. Wenye nyumba walifaidika kwa haki, lakini waliobeba mawe pamoja nao hawakuonja. Ng'ambo ni mji wa wapangaji wa vyumba kuliko watu wanavyokiri: mwalimu mgeni kutoka Pemba, mchukuzi wa Darajani, mama muuza samaki na wanawe, mhudumu wa hoteli ya Shangani anayerudi saa sita za usiku. Hawamo kwenye hati wala kwenye kikao cha warithi, na hakuna mpango niliousoma unaowapa kitu.

Masheha wanawajua. Kila shehia ina daftari la wakaazi wake, na daftari hilo linaweza kuwa waraka wa kwanza wa mradi. Jina la kila mpangaji liandikwe pamoja na chumba chake na kodi anayolipa sasa, kabla fununu za mradi hazijapandisha bei. Mwenye nyumba anayepokea ruzuku au ushauri wa serikali kupandisha ghorofa akubali, kwa maandishi, kuacha angalau vyumba viwili kwa kodi ya kiwango hicho kwa miaka kadhaa inayojulikana, na aliyekuwemo awe wa kwanza kuulizwa.